Mgombea Anasema Hatapandisha Kodi: Nimuulize Nini Kabla ya Kumpa Kura?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Uvira, sasa naishi Wichita, Kansas. Nimepata uraia na nitapiga kura kwa mara ya kwanza. Kijana mmoja anayegombea Baraza la Wawakilishi la jimbo alikuja kanisani kwetu akagawa karatasi. Kuhusu fedha imeandikwa mambo mawili tu: hatapiga kura ya kupandisha kodi yoyote, na atapunguza matumizi ya serikali. Mume wangu anasema hayo hayatuhusu, kwa sababu kipato chetu ni kidogo na kodi tunayokatwa tunarudishiwa. Je, msimamo huo ni mzuri au mbaya kwa familia kama yetu? Na nitajuaje kama atafanya anayoyasema?"

Marahaba, mama, na hongera kwa uraia.

Nianze na neno la baba watoto, maana ndilo linalowabakiza wengi wetu nyumbani siku ya kura. Ni kweli kwamba familia yenye kipato kidogo na watoto wanne huenda isidaiwe kodi ya mapato ya jimbo, au irudishiwe iliyokatwa kwenye mshahara. Lakini kodi ya mapato si kodi pekee inayoamuliwa na Bunge la jimbo kule Topeka, mji mkuu wa Kansas. Hadi mwisho wa 2022 jimbo la Kansas lilitoza asilimia 6.5 kwenye chakula: unga, mchele, maziwa, mafuta ya kupikia. Familia inayonunua chakula cha dola 800 kwa mwezi ilikuwa inaliachia jimbo dola 52 kila mwezi, yaani dola 624 kwa mwaka. Na nafuu iliyokuwepo ilikatwa kwenye kodi ya mapato unayodaiwa, kwa hiyo asiyedaiwa hakupata kitu. Walioishusha kodi hiyo ni wabunge hao hao: ikawa asilimia 4 Januari 2023, asilimia 2 Januari 2024, na tangu Januari 1, 2025 jimbo halitozi chochote kwenye chakula. Kodi za mauzo za kaunti na miji hazikuguswa, ndiyo maana kwenye risiti bado unaona senti kadhaa. Kwa watu wa kipato chenu, kura hiyo moja ilikuwa na uzito kuliko mabishano yote ya kodi ya mapato yaliyojaza magazeti.

Sasa msimamo wa mgombea wako. Mimi siusemi kuwa mzuri wala mbaya, kwa sababu bado haujakamilika. Serikali ya Marekani ikipungukiwa hukopa, na mishahara huendelea kulipwa. Jimbo la Kansas haliruhusiwi kufanya hivyo. Katiba na sheria zake zinalitaka lipange matumizi ndani ya fedha lilizonazo, mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kwa hiyo mbunge anapoondoa kodi ya dola milioni 100, lazima pengo hilo lizibwe kwa kitu: kodi nyingine ipande, huduma ipungue, akiba itumike, au bili isukumwe mbele ilipwe na watakaokuja. Mgombea mkweli anakwambia ataziba kwa lipi. Asiyesema, ama hajafikiri ama anajua kwamba ukilisikia hutampenda.

Kwenye upande wa matumizi, watu wengi wanapiga picha ya ofisi zenye makarani wengi na magari ya serikali. Fedha hazipo huko. Karibu nusu ya mfuko mkuu wa jimbo huenda shule za msingi na sekondari. Sehemu kubwa inayofuata ni afya na ustawi wa jamii: Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo Kansas inaiita KanCare, wazee walio kwenye nyumba za kutunzwa, watu wenye ulemavu, watoto walio chini ya uangalizi wa jimbo. Ndipo vinakuja vyuo vikuu, magereza na mahakama. Mtu anayeahidi kupunguza matumizi kwa kiasi kikubwa bila kugusa shule wala afya, anaahidi kitu ambacho hesabu haikikubali.

Na kwenye afya kuna jambo ambalo wagombea wachache hulieleza. Katika kila dola inayotumika kwenye Medicaid ya Kansas, takriban senti 60 hutoka serikali kuu na 40 jimbo. Maana yake ni kwamba mbunge anayetaka kuokoa dola 1 ya jimbo lazima aondoe huduma ya dola 2 na nusu, kwa sababu mchango wa Washington unaondoka pamoja na wa jimbo. Hospitali ndogo za mashambani na nyumba za wazee ndizo zinazouhisi mkato huo kwanza. Siku hizi mzigo unazidi kuelekezwa kwa majimbo: sheria ya bajeti iliyosainiwa Julai 2025 inapandisha sehemu ya majimbo katika gharama za kuendesha msaada wa chakula wa SNAP kutoka asilimia 50 hadi 75 kuanzia Oktoba 2026. Fedha hizo zitatafutwa Topeka, na mtu unayempigia kura ni mmoja wa watakaozitafuta.

Naongeza hili kwa ajili ya wasomaji wa Kenya waliohamia huku, maana wengi humfikiria mbunge wa jimbo kuwa kama MCA wao, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. MCA hupitisha bajeti ya kaunti, lakini kodi ya mapato na VAT ni za serikali ya kitaifa, ndivyo Katiba ya 2010 inavyosema. Mbunge wa jimbo la Marekani ana mkono kwenye zote mbili, kukusanya na kutumia. Kansas ina wawakilishi 125 na maseneta 40, na kwa jimbo lenye watu wasiofika milioni 3, kila mwakilishi anasimamia watu wapatao 23,500 tu. Huyo kijana aliyekuja kanisani kwenu anawahitaji kweli.

Kwa bahati, mama, unaishi katika jimbo ambalo msimamo ulioandikwa kwenye karatasi hiyo ulishajaribiwa kwa ukubwa kuliko karibu mahali pengine popote Marekani. Wewe ulikuwa hujafika, lakini wazee wa Wichita wanaikumbuka miaka ile.

Mei 2012 Gavana Sam Brownback alisaini sheria iliyoshusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9 kuanzia Januari 2013, na mwaka uliofuata Bunge likapanga kukishusha zaidi. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuifikisha kodi ya mapato kwenye sifuri. Brownback aliandika kwamba sera hiyo itakuwa sindano ya adrenalini kwenye moyo wa uchumi wa Kansas. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kipengele kimoja kilichozaa matatizo kuliko vingine vyote: faida ya biashara za aina ya LLC (kampuni zenye dhima ndogo), za ubia na za mtu binafsi iliondolewa kabisa kwenye kodi ya mapato ya jimbo. Si kupunguzwa, kuondolewa. Mfanyakazi anayekata nyama kiwandani Garden City au Dodge City aliendelea kukatwa kodi kwenye mshahara wake wa wiki, na mwenye kampuni anayechukua faida mara kumi ya mshahara huo hakudaiwa hata senti. Hapo sioni pande mbili zenye uzito sawa. Kodi iliyokuwa inafuata ukubwa wa kipato ikaanza kufuata aina ya karatasi ulizosajili. Na watu si wajinga. Biashara zilizochukua msamaha huo zilizidi 330,000, nyingi mno kuliko zilizotarajiwa, kwa sababu wengi waligundua kwamba inalipa kugeuza mshahara kuwa faida ya kampuni.

Sheria hiyo hiyo iliondoa nafuu za watu wadogo. Wapangaji walitolewa kwenye marejesho ya kodi ya nyumba, nafuu ya gharama za kulea watoto ikafutwa, na marejesho ya kodi ya chakula waliyokuwa wakipewa wenye kipato cha chini yakaondoka. Yaliporudi mwaka uliofuata, yalirudi kwa namna isiyomfaa asiyedaiwa kodi ya mapato. Kwa hiyo katika mwaka ambao jimbo zima liliambiwa kodi zinashuka, mpangaji mwenye watoto na kipato kidogo angeweza kujikuta analipa zaidi. Hilo ndilo ninalotaka ulikumbuke mtu anapokwambia "nitapunguza kodi". Muulize: kodi ipi, ya nani?

Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2014 makusanyo ya mfuko mkuu yalianguka kwa karibu dola milioni 700, katika bajeti ya kama bilioni 6. Mwaka huo huo mashirika yanayopima uwezo wa kulipa madeni, Moody's na S&P ziliishusha Kansas daraja la mikopo. Pengo lilizibwa kwa njia zote nne nilizokutajia. Akiba ilikwisha. Fedha za barabara zilihamishwa kila mwaka, hadi watu wa Topeka wakaiita idara ya uchukuzi "Benki ya KDOT". Michango ya pensheni za walimu na watumishi iliahirishwa. Vyuo vikuu vilikatwa. Masika ya 2015 wilaya za shule za Concordia na Twin Valley zilifunga mwaka wa masomo kabla ya wakati kwa kukosa fedha. Na mwaka huo huo Bunge, baada ya kikao kirefu kuliko vyote vilivyokuwa vimewahi kutokea katika jimbo hilo, likapandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, chakula kikiwemo, pamoja na kodi ya sigara. Kumbe ile asilimia 6.5 uliyoikuta dukani ulipofika ilitoka hapo. Punguzo la kodi ya mapato lilikuwa limezibwa kwa kodi ya unga.

Tuwatendee haki waliolitetea. Wanasema, na wana hoja, kwamba bei ya mazao na ya mafuta ilishuka miaka ile na Kansas ni jimbo la wakulima na visima vya mafuta. Kwamba sehemu ya anguko la 2014 ilitokana na watu kuwahi kuuza mali zao mwisho wa 2012 kabla sheria za kodi za serikali kuu hazijabadilika. Na kwamba Bunge halikupunguza matumizi kama lilivyopunguza kodi. Hoja ya mwisho ndiyo naiona nzito kuliko zote, ila inamrudia aliyeitoa. Matumizi hayakupunguzwa kwa kiasi kile kwa sababu yangepunguzwa mashuleni, na wabunge wengi waliopiga kura ya kushusha kodi hawakuwa tayari kurudi kwa wapiga kura wao na kura ya kufunga madarasa. Machi 2017 Mahakama ya Juu ya Kansas iliamua kwamba fedha za shule hazitoshi kikatiba, na mlango huo ukazidi kubana.

Waliobadilisha mambo walitoka chama cha gavana mwenyewe. Katika chaguzi za 2016, wagombea wa Republican wenye msimamo wa wastani waliwashinda wenzao kadhaa kwenye mchujo wa Agosti, na Democrat nao wakaongeza viti. Juni 6, 2017 Bunge lenye wingi wa Republican liliipindua kura ya turufu ya Brownback dhidi ya mswada wa kufuta punguzo lake la kodi, 88 kwa 31 katika Baraza la Wawakilishi na 27 kwa 13 katika Seneti. Seneti ya watu 40 inahitaji kura 27 ili kupata theluthi mbili, kwa hiyo seneta mmoja tu angegeuka, sheria ya 2012 ingebaki. Msamaha wa LLC ulifutwa na kiwango cha juu kikawekwa asilimia 5.7. Baadhi ya waliopiga kura ya kupandisha kodi siku hiyo walikuwa wamejitangaza miaka yote kuwa wapinzani wa kodi. Wengine walipoteza viti baadaye, na nadhani wengi wao walijua kwamba ingekuwa hivyo.

Usidhani upande wa pili uko salama. Angalia Illinois. Huko kwa miongo kadhaa, chini ya vyama vyote viwili, wabunge waliahidi pensheni nzuri na hawakuweka fedha za kuzilipa. Mwaka 2011 walipandisha kodi ya mapato kutoka asilimia 3 hadi 5, Januari 2015 ikashuka hadi 3.75 kama sheria ilivyopanga, na kuanzia hapo gavana na Bunge walivutana kwa miaka miwili bila bajeti kamili. Bili ambazo hazijalipwa zilipita dola bilioni 15, mashirika ya hisani yakafunga milango, na Julai 2017, mwezi mmoja tu baada ya Kansas, Bunge nalo likaipindua kura ya turufu na kuweka kodi ya asilimia 4.95. Kwa hiyo akija mgombea mwingine kanisani akasema ataongeza fedha za shule, za afya na za barabara, na asiseme zitatoka wapi, naye hajakamilisha. Mpe maswali yale yale.

Sasa umeuliza utajuaje kama atafanya anayoyasema. Ukinisikiliza mimi, karatasi iweke kando na umtafute katika kumbukumbu.

Kama amewahi kuwa mbunge, kura zake zipo. Tovuti ya Bunge la Kansas huonyesha kila mswada na majina ya waliosema ndiyo na waliosema hapana katika kura ya mwisho. Kuna mitego miwili hapo. Wa kwanza ni kwamba kura nyingi za hatua ya awali hazirekodiwi kwa majina, na huko ndiko marekebisho mengi yanakofia. Mbunge anaweza kuua pendekezo la kuondoa kodi ya chakula katika hatua hiyo, kisha kura ya mwisho isionyeshe chochote. Wa pili ni kufungasha. Mwishoni mwa kikao, kamati ya pamoja ya mabaraza mawili hukusanya miswada kadhaa ya kodi na kuifanya mmoja, na mbunge hana ruhusa ya kuchambua ndani yake: ni ndiyo kwa yote au hapana kwa yote. Ndiyo maana wakati wa kampeni utaletewa kipeperushi kinachosema fulani "alikataa kupunguza kodi ya wazee". Inawezekana alikataa furushi lenye punguzo dogo la wazee na msamaha mkubwa wa kampuni. Kabla ya kumhukumu mtu kwa kura moja, fungua ujue furushi lilikuwa na nini.

Kila mswada pia huwa na maelezo ya gharama yanayoandaliwa na ofisi ya bajeti ya jimbo, kurasa mbili tatu, yakisema utaongeza au kupunguza fedha kiasi gani na katika miaka ipi. Hizo ndizo kurasa ninazozisoma kabla ya hotuba yoyote. Ona hasa mwaka wa tatu. Miswada mingi huonekana nafuu mwaka wa kwanza na gharama zake hukomaa baadaye.

Kama ni mgeni kwenye siasa, na kijana wako anaonekana hivyo, angalia kama amewahi kukaa kwenye bodi ya shule au baraza la mji, kwa sababu huko nako hupitishwa bajeti. Ripoti za michango ya kampeni yake ni za umma. Na ujue kama amesaini ahadi ya Americans for Tax Reform, shirika la Grover Norquist linalopinga kupandisha kodi, ambayo wagombea wa mabunge ya majimbo husaini kuapa kwamba watapinga na kupigia kura ya hapana juhudi zozote za kuongeza kodi. Maneno yaliyo kwenye karatasi yako yanafanana sana na ahadi hiyo. Aliyesaini ana haki yake, na angalau unajua amejifunga. Lakini muulize angefanya nini 2017.

Kuna kodi moja ambayo karatasi za namna hii haziigusi, nayo ndiyo inayowaumiza watu Kansas kwa sasa: kodi ya nyumba na ardhi. Jimbo lenyewe hutoza sehemu ndogo kwa ajili ya shule. Sehemu kubwa hutozwa na kaunti, mji na wilaya ya shule. Nyumba ya kuishi huhesabiwa kwa asilimia 11.5 ya thamani yake sokoni, halafu hutozwa kwa kipimo kiitwacho mili, ambacho ni dola 1 kwa kila dola 1,000 ya thamani hiyo iliyohesabiwa. Nyumba ya dola 200,000 huhesabiwa kuwa 23,000, kwa hiyo kila mili moja ni dola 23 kwa mwaka. Kaunti na mji wakiongeza mili 5 kwa pamoja, mwenye nyumba anaongeza dola 115, na kama wewe ni mpangaji, mwenye nyumba hatazibeba peke yake. Zitakuja kwenye pango.

Nalitaja kwa sababu mbunge anaweza kutimiza ahadi yake neno kwa neno na bado kodi yako ikapanda. Zamani jimbo la Kansas lilikuwa likizigawia kaunti na miji sehemu ya kodi ya mauzo, kwa sharti kwamba fedha hizo zishushe kodi ya nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, bajeti ilipobana, Bunge likaacha kuzipeleka. Hakuna mbunge aliyepiga kura ya kupandisha kodi siku ile. Ila barabara za kaunti bado zilitaka kukwanguliwa theluji na polisi walitaka mishahara, basi kaunti zikajaziliza kwa kodi ya nyumba. Kwa hiyo mgombea akisema "sitapandisha kodi yoyote", muulize kama anahesabu na zile zitakazopandishwa na kaunti kwa sababu yeye amekata ruzuku.

Jambo jingine la sasa hivi. Aprili 2025 Bunge la Kansas liliipindua kura ya turufu ya Gavana Laura Kelly na kupitisha sheria inayoshusha kodi ya mapato polepole hadi asilimia 4, kila makusanyo ya jimbo yanapopita kipimo kilichowekwa. Hakuna mbunge atakayehitaji kupiga kura tena, itakwenda yenyewe. Watetezi wanasema hilo ni somo la 2012, kwamba sasa kodi inashuka pale tu fedha zinapoonekana. Ni hatua bora kuliko ile ya Brownback, nakubali. Wasiwasi wangu ni kwamba mwaka mmoja wa neema hushusha kiwango kwa miaka yote inayofuata, na mwaka mbaya ukija hakirudi juu chenyewe. Kukirudisha kutahitaji wabunge wapige kura ya kupandisha kodi, na kijana wako ameshakwambia hatapiga kura hiyo.

Basi ukikutana naye tena, usimuulize kama anapenda kodi au anazichukia. Muulize mambo matatu, na umwache ajibu mpaka amalize. Mapato yakipungua katikati ya mwaka, atakata wapi kwanza, na ataje idara. Je, yuko tayari kuahidi kwamba kodi ya chakula haitarudi kwa namna yoyote, hata ndani ya furushi lenye mambo mengine anayoyapenda? Na kaunti yenu ya Sedgwick ikipata fedha pungufu kutoka jimboni, nani alipe?

Akikujibu la kwanza kwa "tutaondoa ubadhirifu", mwombe ataje mmoja na kiasi chake. Ubadhirifu upo, sikatai, na kuutafuta ni kazi njema. Lakini sijaona bajeti ya jimbo iliyosawazishwa kwa huo peke yake. Akitaja kitu halisi, hata kama hukipendi, huyo ni mtu unayeweza kubishana naye na kumkumbusha baadaye. Mimi ningemheshimu mgombea anayeniambia "nitapunguza fedha za vyuo vikuu" kuliko anayeniambia kila kitu kitapungua na hakuna atakayeumia. Wa kwanza naweza kumnyima kura nikijua kwa nini.

Mkiwa kikundi kanisani, andikeni maswali kwa Kiingereza na kumpelekea mapema, mkiomba ajibu kwa maandishi. Mkalimani husaidia kwenye mkutano, lakini tarakimu hupotea kwenye tafsiri ya papo kwa papo, na jibu la maandishi mnaweza kulitoa tena Januari ijayo, kikao kinapoanza Jumatatu ya pili ya mwezi. Bajeti ya gavana hutoka wakati huo huo. Makadirio ya mapato hutolewa mara mbili, kabla mwaka haujaisha na tena Aprili, na yale ya Aprili ndiyo yanayoonyesha kama ahadi za kampeni zina fedha nyuma yake au hazina. Huo ndio wakati wa kumpigia simu.

La mwisho ni la tarehe. Katika wilaya nyingi za Kansas, mshindi hupatikana kwenye mchujo wa vyama, Jumanne ya kwanza ya Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kabla ya Novemba kufika. Wanaojitokeza ni wachache, na viti vya Baraza la Wawakilishi huamuliwa wakati mwingine kwa kura chache sana. Mtu aliyejiandikisha bila chama anaweza kuchagua chama hapo hapo kituoni na kupiga kura ya mchujo. Uandikishaji hufungwa siku 21 kabla.